Chumvi Imeisha

Chumba chetu kiko nyuma ya ofisi ya kata, Tukuyu:
viti vinne, kimoja mguu umefungwa waya.
Mvua inapiga bati tangu alfajiri,
nami nimejifunza kuingoja ipumue
kabla sijauliza neno.

Wameketi mbalimbali, kama miche ya parachichi,
hatua saba kwa saba.
Anyosisye, kofia magotini ikidondosha maji.
Subilaga, aliyefika mapema ili asiongozane naye njiani.
Na Tumpe, darasa la sita, ndani ya sare,
kwenye kiti cha waya, katikati.

Migomba ilikatwa mwezi wa nne.
Migomba aliyoikuta Subilaga alipoolewa,
aliyokabidhiwa na mama mkwe, shina kwa shina.
Kampuni ilileta miche, Anyosisye akaleta panga.
Tangu siku hiyo nyumba ina mdomo mmoja tu,
nao ni wa mtoto.
"Mwambie baba yako maji yako bafuni."
"Mwambie mama yako nimeyaona."
Ukuta kati yao ni wa mabanzi.
Wanasikiana hata wakikohoa.

Chuoni Iringa, Mwalimu Kihwele alichora pembetatu ubaoni:
wawili wakishindwa kulibeba joto lao,
humwita wa tatu alishike.
Niliandika kwa wino wa bluu, nikafaulu mtihani.
Sikumwuliza kuhusu jiko la bibi yangu,
mafiga matatu, na chungu kilichoiva kila siku.
Figa moja haliinjiki chungu, sawa.
Lakini nani aliwahi kuliuliza jiwe
kama linaungua?

Nikaanza na nilichofundishwa, kurudisha maneno:
"Nakusikia ukisema shamba ni la kusomesha watoto."
Anyosisye akanitazama.
"Hilo nimeshalisema, mama. Unalirudia la nini?"
Nikakosea zaidi, nikamwuliza kwa nini.
Na "kwa nini" ni fimbo
hata ukiifunga utepe.
Akavaa kofia yake mbichi, akaivua.

Subilaga akanigeukia:
"Wewe umesoma. Sema nani mkosaji."
Hukumu nilikuwa nayo, imeiva, iko kwenye ulimi.
Mama yangu naye alikuwa na migomba.
Nikaimeza. Ilishuka kama kiazi cha moto.
Kumbe nilikuwa ninavutiwa kiti,
nami niwe jiwe.

Basi nikamwita Tumpe:
"Njoo ukae kwangu, huku dirishani."
Akawatazama wote wawili, kuomba ruhusa,
akaja, na mkoba wake.
Katikati kikabaki kiti kitupu na waya wake.

Kimya.
Kwenye daftari la chuo kimya kina nusu ukurasa.
Hapa kilikuwa na dakika nne,
na jogoo wa mwenyekiti wa kitongoji, asiyejua saa,
na magoti ya Anyosisye yakicheza.
Nilikalia mikono yangu.

Subilaga akauambia ukuta:
"Chumvi imeisha."

Tumpe akafumbua mdomo kulipokea neno, kama kawaida.
Nikamgusa bega.

Mvua ikajaza chumba.
"Tangu lini?"
"Jumapili."
"Mmekuwa mkila hivyohivyo?"
"Na wewe umekuwa ukila."

Anyosisye akatoa sauti, sijui ilikuwa kicheko
au kikohozi cha ukungu.
"Nilidhani," akakiambia kile kiti,
kisha akainua macho kidogo, hadi kwenye mikono yake,
"nilidhani unaninyima."

Hakuna aliyetaja migomba.
Itatajwa, wiki ijayo au ile nyingine,
na huenda siku hiyo kofia itatoka mlangoni na mwenyewe.
Kwenye faili nimeandika: Kikao cha tatu.
Wamezungumza. Mada: chumvi.
Bosi wangu ataniuliza kama huo ni mchezo.

Tumpe amelala,
shavu kwenye kioo chenye mvuke, mdomo wazi,
haujabeba neno la mtu.